Hiram Leonard: Fundi bunduki aliyeupa ufito wa mvuvi umbo jipya

Mvuvi anayesimama leo kando ya mto wa maji baridi, iwe ni Gura kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya au mto wowote wa milimani kule Marekani, akiwa ameshika ufito mwembamba unaopinda na kurudi kama uhai umo ndani yake, anatumia chombo chenye historia ndefu. Sehemu kubwa ya historia hiyo inampitia mtu mmoja aliyefariki mwaka 1907. Jina lake ni Hiram Lewis Leonard, fundi bunduki na mwindaji kutoka jimbo la Maine, ambaye alianza kutengeneza fito za kuvulia akiwa na umri wa miaka 40.

Wapenzi wa uvuvi huu wanamwita baba wa ufito wa kisasa. Hata hivyo, maisha yake yana jambo linalomgusa hata mtu asiyewahi kushika ndoana. Leonard alikuwa fundi aliyegundua njia bora ya kufanya kazi, akaificha nyuma ya mlango uliofungwa, kisha akaona wanafunzi wake wakiondoka nayo vichwani mwao. Karakana nyingi za kwetu, za useremala, za kushona na za kutengeneza magari, zinaujua mvutano huo.

Uvuvi wa aina gani huu?

Kabla ya kumfuata Leonard, tueleze kidogo uvuvi wenyewe, maana si ule wa nyavu wala wa mshipi wenye risasi unaotupwa ziwani au baharini.

Hapa mvuvi anatumia chambo kidogo kilichofungwa kwa manyoya, nyuzi na ndoana, kikafanana na mdudu anayeanguka majini. Samaki anayelengwa zaidi ni trauti, na katika mito mingine ni samoni. Chambo hicho ni chepesi mno, karibu hakina uzito, hivyo hakiwezi kurushwa chenyewe. Kinachorushwa ni mshipi, ambao ni mnene na una uzito wake. Mvuvi anaurusha nyuma, anausubiri unyooke hewani, kisha anausukuma mbele, na chambo kinafuata mwishoni na kutua taratibu juu ya maji.

Ndiyo maana ufito ni kila kitu. Ukiwa mgumu kama mpini wa jembe, hautabeba mshipi. Ukiwa laini kupita kiasi, utalala na mshipi utaanguka miguuni mwa mvuvi. Unatakiwa upinde kuanzia nchani hadi kwenye mkono kwa mpangilio maalumu, kisha urudi ulivyokuwa haraka bila kutetemeka. Kupata mpinda huo sawasawa ndiyo kazi iliyomshughulisha Leonard kwa zaidi ya miaka 30.

Mtoto wa Maine

Leonard alizaliwa mwaka 1831 huko Sebec, katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Ni nchi ya misitu minene, maziwa na mito, na wakati huo uchumi wake ulikuwa mbao. Baba yake alikuwa fundi wa makasia. Kwa hiyo mtoto alikua akiona mbao ikichongwa kwa kufuata nyuzi zake, mahali fulani nene, mahali fulani nyembamba, ili ibebe nguvu za mtu bila kuvunjika. Kasia na ufito wa kuvulia vina jambo hilo kwa pamoja.

Akiwa kijana alisomea na kufanya kazi ya uhandisi, na alihusika na mitambo ya kampuni ya makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania. Afya yake haikuwa nzuri, akarudi Maine na kuishi maisha ya porini. Akawa mwindaji, mtegaji wa wanyama wenye manyoya ya thamani, mtaalamu wa kukausha na kuhifadhi ngozi za wanyama, na fundi wa bunduki. Alikuwa pia mpenda muziki, na alijulikana kwa kubeba filimbi yake hadi msituni.

Mwaka 1857 mwandishi Henry David Thoreau alisafiri kwa gari la farasi kutoka mji wa Bangor kuelekea ziwa Moosehead. Ndani ya gari hilo alikuwamo mwindaji mmoja na mbwa wake. Thoreau alivutiwa naye, kwa sababu alitegemea kumkuta mtu wa msituni mwenye sura ya ukali na maneno mazito, lakini alichokiona ni mtu mtulivu, mwenye adabu na mavazi nadhifu. Mwindaji huyo anatambuliwa kuwa ni Hiram Leonard, na habari za safari hiyo zimo katika kitabu cha Thoreau kuhusu misitu ya Maine, kilichochapishwa mwaka 1864, baada ya mwandishi kufariki.

Hiyo ndiyo picha ya Leonard kabla ya fito: mhandisi kwa mafunzo, mwindaji kwa mazoea, mwenye mkono uliozoea kazi ya chuma na mbao, na sikio la mwanamuziki.

Ufito wa kwanza

Mwaka 1871, akiwa Bangor, Leonard alijitengenezea ufito wake mwenyewe. Alitumia mbao mbili zilizokuwa za kawaida kwa kazi hiyo: mti uitwao ashi, na lansiwudi, mbao ngumu yenye mnyumbuko kutoka nchi za joto za Amerika. Ufito huo ulipendwa na walioushika, na habari zake zikafika kwa kampuni ya Bradford & Anthony ya Boston, iliyouza vifaa vya michezo na uvuvi. Kampuni hiyo ilitaka kujua kama fundi huyu wa Bangor angeweza kuwatengenezea fito za kuuza, na hasa fito za mwanzi uliopasuliwa.

Mwanzi uliopasuliwa haukuwa uvumbuzi wa Leonard, na ni haki kusema hivyo. Katikati ya miaka ya 1840, Samuel Phillippe wa Easton, Pennsylvania, alikuwa ameshaanza kuunganisha vipande vya mwanzi kwa gundi ili kupata ufito. Naye, kwa bahati ya kushangaza, alikuwa fundi wa bunduki na mtengenezaji wa fidla. Katika miaka ya 1860, Charles Murphy wa Newark, New Jersey, alikuwa akitengeneza fito kama hizo na kuziuza. Kwa hiyo wazo lilikuwepo. Kilichokosekana ni namna ya kulifanya vizuri kila mara, kwa wingi, na kwa ubora usiobadilika kutoka ufito mmoja hadi mwingine.

Leonard alionyeshwa ufito wa mwanzi wa vipande vinne. Aliuchunguza jinsi mhandisi anavyochunguza mtambo, kisha akaenda kutengeneza wake. Fito zake za mwanzi zilipofika sokoni, zilikuwa za vipande sita.

Kwa nini sita?

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo kiini cha sifa ya Leonard.

Chukua kipande cha mwanzi ukiangalie mwishoni kilipokatwa. Utaona ukuta wake una sehemu mbili. Karibu na ngozi ya nje, nyuzi zimebanana, ngumu na zinazong'aa. Kadiri unavyoingia ndani, nyuzi zinapungua na nyama laini inaongezeka. Nguvu na mnyumbuko wa mwanzi vyote viko nje, katika tabaka jembamba. Ukilikwangua tabaka hilo, umetupa kilichokufanya uuchague mwanzi badala ya mti mwingine.

Sasa, ukiunganisha vipande vinne unapata ufito wenye pembe nne. Ili uwe wa mviringo, lazima uchonge zile pembe, na unapozichonga unaondoa nyuzi bora za nje. Ukiunganisha vipande sita, kila kimoja kikiwa pembetatu yenye pembe za nyuzi 60, unapata umbo la pembe sita ambalo tayari linakaribia duara. Hakuna haja ya kuchonga sana. Mafundi wa mwanzo, Leonard akiwemo, walikuwa bado wakiviringisha fito zao za vipande sita, lakini baadaye alizikubali pembe zibaki, na ngozi ya mwanzi ikabaki nzima pande zote sita. Umbo hilo la pembe sita ndilo lililoshinda, na hadi leo ufito wa mwanzi unatambulika kwalo.

Kazi yenyewe si rahisi. Mwanzi unapasuliwa, vifundo vinanyooshwa kwa moto, na vipande vinapangwa ili vifundo visikutane mahali pamoja, maana kifundo ni sehemu dhaifu. Kisha kila kipande kinachongwa kuwa pembetatu inayopungua unene polepole kutoka mpini hadi nchani. Tofauti ya unene inayobadili tabia ya ufito ni ndogo kuliko unene wa karatasi. Kipande kimoja kikikosewa, vyote sita haviwezi kukaa pamoja, na gundi haitaficha kosa.

Mwanzi wa mwanzo ulitoka India na ulijulikana kwa jina la Calcutta. Mingi ilikuwa na alama za kuchomwa moto. Baadaye mafundi waligeukia mwanzi wa kusini mwa China unaoitwa Tonkin, ambao ni mnyoofu, una ukuta mnene na nyuzi za nguvu zinazoingia ndani zaidi. Huo ndio uliobaki kuwa chaguo la mafundi mpaka leo.

Kiungo, chanzo cha lawama nyingi

Ufito wa kuvulia ni mrefu, kwa hiyo hutengenezwa kwa vipande viwili au vitatu vinavyochomekwa wakati wa kazi na kutenganishwa wakati wa safari. Mahali pa kuunganisha panakuwa na kiungo cha madini, kimoja kikiingia ndani ya kingine. Kwa fundi wa bunduki, mrija wa madini unaotakiwa kukaa sawasawa bila kulegea ni jambo la nyumbani.

Viungo vya wakati huo vilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni maji. Yaliingia kwenye mrija, yakaufikia mwanzi uliomo ndani, mwanzi ukavimba na gundi ikaachia. Mwaka 1875 Leonard alipata hataza ya kiungo kilichozibwa kwa ndani ili maji yasiufikie mwanzi.

Kasoro ya pili ni kuvunjika. Madini hayapindi kama mwanzi. Pale mwisho wa mrija, ambapo ugumu unakutana ghafla na ulaini, ndipo ufito ulipokatika, mara nyingi samaki mkubwa akiwa ameshanaswa. Mwaka 1878 alipata hataza nyingine. Safari hii ukingo wa mrija ulipasuliwa katika vijimeno vyembamba, kisha vikafungwa kwa uzi wa hariri juu ya mwanzi. Ugumu ukawa unapungua hatua kwa hatua badala ya kukatika ghafla, na ufito ukapinda pamoja na kiungo chake. Ukiangalia fito za mwanzi zinazotengenezwa leo, utaona wazo hilo bado linatumika.

Karibu na miaka hiyo, jina la Leonard liliunganishwa pia na kigurudumu kidogo cha kukunjia mshipi, kilichobuniwa na Francis Philbrook, naye wa Bangor, na kupewa hataza mwaka 1877. Mji mdogo wa mbao ulikuwa umegeuka kitovu cha ufundi wa vifaa vya uvuvi.

Mashine nyuma ya mlango uliofungwa

Mahitaji yaliongezeka kuliko mikono. Kuchonga vipande sita kwa randa kwa kila sehemu ya ufito ni kazi ya siku nyingi. Katika miaka ya 1870, Leonard mhandisi aliamka tena ndani ya Leonard fundi, akabuni mashine ya kukata vipande vya mwanzi kwa misumeno ya mviringo. Mashine hiyo ilifuata kiolezo, hivyo ilikata pembe sahihi na wakati huohuo ikapunguza unene kutoka mwanzo hadi mwisho wa kipande. Kilichochukua siku sasa kilichukua muda mfupi, na kipande cha kumi kilifanana na cha kwanza.

Faida kubwa zaidi ilikuwa hiyo ya mwisho. Kwa mkono, fundi bora anaweza kutengeneza ufito mzuri leo na kesho akakosa kuurudia. Kwa kiolezo, Leonard aliweza kubadilisha unene kidogo, kujaribu mtoni, kubadilisha tena, na alipopata mpinda alioutaka, akauhifadhi. Ufito ukaacha kuwa bahati, ukawa hesabu.

Alijua thamani ya alichokuwa nacho. Simulizi zilizorithiwa na mafundi wa uvuvi huu zinasema mashine iliwekwa kwenye chumba kilichofungwa, na walioruhusiwa kuingia walikuwa wachache sana, miongoni mwao mpwa wake Loman Hawes. Wengine waliletewa vipande vilivyokwisha kukatwa, wakaendelea na kuunganisha, kufunga nyuzi, kupaka vanishi na kuweka mpini.

Walioletewa vipande hivyo hawakuwa vibarua wa kupita. Fred Thomas, Eustis Edwards na Edward Payne walijifunza kwa Leonard. Walikuwemo pia wapwa zake, Loman na Hiram Hawes. Inasimuliwa kwamba Leonard alipendelea wafanyakazi wanaopiga ala ya muziki, akiamini kuwa mtu asiye na sikio la muziki hatauelewa ufito. Iwe kweli kamili au imeongezwa chumvi, inalingana na mtu aliyebeba filimbi msituni.

Kuondoka Maine, na kuondokewa

Biashara ilihitaji mtaji ambao fundi hakuwa nao. Leonard aliuza sehemu ya kampuni kwa mshirika wa Boston, na baadaye sehemu hiyo ikaenda kwa William Mills & Son, wauzaji wakubwa wa vifaa vya uvuvi jijini New York. Mwaka 1881 karakana ilihamishwa kutoka Bangor hadi Central Valley, kijiji cha jimbo la New York kilicho karibu zaidi na soko na karibu na mito ya milima ya Catskill, ambako uvuvi wa trauti ulikuwa ukistawi.

Kibiashara ulikuwa uamuzi wenye mantiki. Wateja wa New York walikuwa na fedha, na fito za Leonard zikawa alama ya mtu anayejua anachokifanya. Mashindano ya kurusha mshipi yaliyofanyika katika bustani ya Central Park miaka ya 1880 yaliwaonyesha watu wa mjini kile ambacho fito hizo zingeweza kufanya. Watu wa ukoo wa Leonard, Hiram Hawes akiwa mmoja wao, walikuwa miongoni mwa warushaji waliotajika. Karakana ilitengeneza fito nyepesi kuliko watu walivyozoea, nyingine zikiwa na uzito chini ya gramu 100, na bado zikawa na nguvu ya kumtoa samaki kwenye maji ya kasi.

Lakini kadiri kampuni ilivyokua, ndivyo nguvu ya maamuzi ilivyohamia kwa wenye fedha. Jina lililogongwa kwenye madini ya mpini lilikuwa la Leonard. Umiliki, kwa sehemu kubwa, ulikuwa wa familia ya Mills.

Kisha wanafunzi wakaanza kuondoka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1880 na mwanzoni mwa miaka ya 1890, Thomas, Edwards na Payne waliungana kutengeneza fito zao wenyewe, zilizouzwa kwa jina la Kosmic. Loman Hawes naye alikuwa ameweza kujenga mashine yake ya kukata mwanzi. Mlango ulikuwa bado umefungwa, lakini siri ilikuwa imeshatoka kupitia mtu aliyekuwa na ufunguo.

Ni rahisi kumhukumu upande mmoja. Leonard angeweza kusema alitumia miaka na afya yake kubuni kitu, na waliokula mezani pake wakakichukua. Wanafunzi nao wangeweza kusema walifanya kazi miaka mingi chini ya jina la mtu mwingine, mikono yao ikitengeneza sifa isiyokuwa yao, na kwamba ujuzi uliomo mkononi mwa mtu hauwezi kufungiwa chumbani. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Mwalimu anayefundisha vizuri anatengeneza washindani wake mwenyewe, na anayekataa kufundisha hapati watu wa kumsaidia.

Leonard aliendelea na kazi Central Valley hadi alipofariki mwaka 1907, akiwa na umri wa miaka 76.

Mti uliotoa matawi

Kilichotokea baada ya hapo ndicho kinachofanya jina lake litajwe hadi leo. Muungano wa Kosmic haukudumu, lakini kila mmoja alikwenda kuanzisha ukoo wake wa ufundi. Thomas alirudi Maine, na fito zake zikapata sifa kubwa kutoka Bangor, mji uleule ambao Leonard aliuacha. Payne alifungua karakana Highland Mills, si mbali na Central Valley, na mwanawe Jim akafikia kiwango ambacho watozaji wa fito za kale wanakitafuta kwa bei kubwa. Edwards alifuatwa na wanawe, Bill na Gene. Bill alijulikana kwa fito za vipande vinne, umbo lile ambalo Leonard alikuwa amelipita, akithibitisha kuwa hesabu nyingine nazo zinawezekana ukiwa na ujuzi.

Kampuni yenye jina la Leonard iliendelea kwa miongo mingi. Ilikumbwa na moto mwaka 1964, ikajengwa upya, na hatimaye ikafungwa katika miaka ya 1980. Kabla ya hapo dunia ilikuwa imeshabadilika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, fito za nyuzi za kioo zilijaza maduka kwa bei nafuu. Mwaka 1950 Marekani ilizuia biashara na China, na mwanzi wa Tonkin ukawa haupatikani kwa takriban miaka 20. Katika miaka ya 1970 zikaja fito za nyuzi za kaboni, nyepesi na zenye kurudi haraka zaidi.

Na siri? Everett Garrison, mhandisi wa New York, alikuwa ametumia maisha yake kukokotoa mpinda wa ufito kwa hesabu za uhandisi, akichonga kwa randa bila mashine ya Leonard. Alifariki mwaka 1975. Mwaka 1977 Hoagy Carmichael, aliyekuwa mwanafunzi wake, alitoa kitabu kinachoeleza kila hatua ya kazi hiyo, pamoja na vipimo. Karibu miaka 100 baada ya mashine kufungiwa chumbani, mtu yeyote mwenye randa, subira na meza imara aliweza kujifunza. Ufundi uliotabiriwa kufa ukapata mafundi wapya katika nchi nyingi.

Kwa anayetaka kujitengenezea leo

Wengi wanaojitengenezea ufito siku hizi hawaanzi na mwanzi. Wananunua mrija wa kaboni uliokwisha tengenezwa, kisha wanachagua sehemu nyingine na kuziunganisha nyumbani. Hata hivyo, maswali wanayojiuliza ni yaleyale ya Bangor.

Kwanza ni mrija wenyewe: unapinda kuanzia wapi, na unafaa mshipi wa uzito gani? Mto mdogo wenye vichaka unahitaji ufito mfupi na laini, ziwa lenye upepo linahitaji mrefu na wenye nguvu. Anayechagua mrija bila kujua atavua wapi ananunua viatu bila kujua ukubwa wa mguu.

Pili ni pete zinazoongoza mshipi. Zikiwa nzito, zinaufanya ufito mwepesi uwe mvivu. Zikiwa chache, mshipi unalegea katikati na nguvu inapotea. Nafasi baina yake hupungua kuelekea nchani, ambako ufito hupinda zaidi.

Tatu ni mpini na mahali pa kukazia kigurudumu. Mpini wa koki, kitu kilekile cha vizibo vya chupa, unapendwa kwa sababu ni mwepesi, hauteleza ukilowa na haupozi mkono. Koki yenye mashimo mengi ni rahisi kununua lakini humomonyoka mapema. Uzito wa mpini na kigurudumu unatakiwa ulingane na ufito ili mkono usichoke kabla ya jua kuzama.

Mwisho ni uzi na vanishi. Wengi huviona kama pambo, ilhali uzi ndio unaoshika pete, na vanishi ndiyo inayozuia maji. Leonard alipata hataza yake ya kwanza kwa sababu ya maji.

Uhusiano na huku kwetu

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mwaka 1905, miaka miwili kabla ya Leonard kufariki, Ewart Grogan alileta trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakaachiwa katika mto Gura. Walizoea maji baridi ya milimani, wakasambazwa katika mito mingine ya Aberdare na Mlima Kenya.

Zaidi ya samaki, Kenya imejijengea jina katika upande mwingine wa kazi hii. Kwa miaka mingi mafundi wa Kenya, wengi wao wanawake, wamekuwa wakifunga kwa mkono vile vyambo vya manyoya vinavyouzwa Ulaya na Amerika. Mvuvi wa Maine anaweza leo kusimama katika mto uleule alikovua Leonard, na mwishoni mwa mshipi wake kikawepo chambo kilichofungwa na mikono ya Mkenya ambaye jina lake halikuandikwa popote kwenye pakiti.

Hapo ndipo habari za Leonard zinapotuhusu. Jina lake liligongwa kwenye madini na likabaki. Thomas, Edwards na Payne waliondoka ili majina yao nayo yagongwe. Mafundi wetu wanaofunga vyambo, wanaochonga, wanaosuka na wanaofua, wengi bado wanafanya kazi bora isiyo na jina. Fundi aliye karibu nawe, ukimpenda kwa kazi yake, mtaje kwa jina unapomwelekeza mteja mwingine. Ni jambo dogo, lakini ndilo ambalo wanafunzi wa Leonard walilazimika kuondoka ili walipate.